Maziwa na Mikono ya Mjalidi

Kwa jina la Mwenye kuruzuku, aliyemwekea mtoto riziki yake kabla hajamtilia jino la kuitafunia. Yeye ndiye aijuaye kiu ya asiyeweza kusema, na kwake ndiko hupelekwa uchovu wa walezi. Na baada ya kumtaja Yeye, tuwataje waja wake kwa mpangilio, msomaji asije akamchukua huyu akamweka pa yule.

Mbele ni Mjalidi, mzee aliyebakiwa na miaka miwili kuingia sabini. Kazi yake ni kuvivika upya vitabu vilivyovuliwa nguo na wakati: huvifumua, huvishona kwa uzi wa kitani, huvitia gundi na kuvifunga ndani ya majalada. Nyumba yake ina vyumba viwili na ukumbi, na ukumbi ndio karakana. Nyuma yake ni bintiye wa pekee, ambaye kwa kazi yake tutamwita Mpima, kwa kuwa ni mpima ardhi. Kisha yuko mtoto wa bintiye, msichana wa miezi minane, aliyepewa jina la bibi yake marehemu. Na kwa kuwa mzee hakuweza kulitamka jina hilo bila kugeuka kumtafuta mwenyewe, alimwita Bi Mdogo, likawa ndilo. Wa mwisho ni jirani wa ukuta mmoja, Msusi, mjane mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Baba wa mtoto ni dereva wa malori ya masafa marefu. Yeye yu njiani, na katika habari hii atabaki njiani.

Mpima alikuwa amekaa na cheti chake kabatini miaka minne, akibisha milango ya ofisi hata vifundo vya vidole vikaota sugu, ndipo akachukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Ziwa lake lilikuwa limekauka mtoto alipotimiza miezi sita, baada ya homa iliyomlaza wiki nzima. Tangu hapo Bi Mdogo alinyweshwa maziwa ya kopo kwa chupa, na aliyanywa kama mchanga unavyokunywa mvua. Kwa hiyo ilipokuja safari ya kwanza ya kazi, siku tano za kupima mashamba mbali na mji, hapakuwa na hoja ya maziwa. Palikuwa na hoja ya moyo tu.

"Baba, nikwambie kweli, roho yangu haitaki," alisema asubuhi ile ya Jumatatu, mkoba begani, mtoto mkononi.

"Roho ya mama haijapata kutaka tangu dunia iumbwe. Nenda."

"Ana jino linasukuma. Akikusumbua je?"

"Mama yako alinisumbua miaka thelathini na sita, na bado naomba arudi anisumbue. Huyu ataniweza kwa jino moja?"

Mpima akacheka, na machozi yakamlenga palepale. "Lakini niahidi, Baba. Akikataa kula, usinifiche. Nitaacha kila kitu nirudi."

Mzee akaahidi. Alijua uzito wa alichokiahidi, maana msimamizi wa wapima alikwisha kusema mbele ya wote: atakayeondoka kazini kabla ya shamba la mwisho kupimwa, asijisumbue kurudi ofisini. Basi miaka minne ya kubisha milango ilikuwa imewekwa juu ya kinywa kimoja kidogo, chenye ufizi mwekundu, na mlinzi wa kinywa hicho alikuwa yeye.

Siku hiyo mezani pake palikuwa na vitabu thelathini vya maktaba ya msikiti, vilivyoliwa na wadudu hata pembe zake zikawa kama majani ya mchicha. Kwa kazi ya namna hiyo Mjalidi hupika gundi ya unga wa ngano, na ndani ya gundi hutia shubiri, ule utomvu mchungu ambao watu hufananisha nao kila kitu kichungu. Ndivyo alivyofunzwa na fundi wake, aliyekuwa akisema, "Gundi tamu, kitabu ni chakula. Gundi chungu, kitabu ni kitabu." Tena hakupaka kwa brashi. Brashi, alisema, haina akili. Kidole ndicho kinachojua wapi karatasi inataka na wapi imekinai. Na uzi alipotaka kuutia sindanoni, aliulowesha ncha mdomoni kwa vidole vilevile. Miaka hamsini ya kufanya hivyo, ulimi wake ulikwisha kufanya sulhu na shubiri. Haukuusikia tena uchungu wake, wala yeye hakujua kwamba hausikii. Mtu hupotewa na kitu kidogo kidogo mpaka asiwe na habari ya kukiulizia.

Adhuhuri mtoto alikunywa vizuri. Baada ya hapo jino likaanza fitina. Udenda ukamtiririka, shavu moja likawaka, akalia kile kilio chembamba kisichokuwa na njaa wala usingizi ndani yake. Mzee akamtembeza ukumbini kutoka dirisha hadi mlango na kutoka mlango hadi dirisha.

"Babu Gundi!" Msusi akaita kutoka upande wake wa ukuta, kichwa cha mteja kikiwa magotini pake. "Huyo mtoto unamlea au unamshona?"

"Ni jino, bibi wee."

"Basi mpe kifundo cha kidole atafune. Ufizi unamuwasha. Lakini nawa kwanza!"

"Nimenawa. Mimi ni mtu wa udhu mara tano."

Na kweli alikuwa amenawa, kwa sabuni na maji, kama anavyonawa mtu anayejijua kuwa ni msafi. Akamwekea Bi Mdogo kifundo cha kidole. Mtoto akakikamata kwa mikono miwili, akauma, akanyamaza. Kisha uso ukamkunjika kama wa hakimu aliyesikia ushahidi wa uongo, akakitema, akalia zaidi. "Pole, pole, linauma," babu akasema, na kwa vidole hivyohivyo akaikaza chuchu ya chupa, akaiminya kuhakikisha haikuziba, akampa. Mtoto akavuta mara moja. Akaisukuma chupa kwa ulimi, kwa mikono, kwa mwili mzima.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jioni alikataa. Usiku akakataa, na kulipokucha Jumanne mzee alikuwa amesinzia ameketi, shingo imemkauka upande mmoja, na chupa imejaa vilevile kama ilivyojazwa.

Jumanne nzima ilikuwa siku ya kujaribu. Aliyapasha maziwa moto zaidi; mtoto alikataa. Akayapoza; alikataa. Akanunua chuchu mpya, akaichemsha, akaikausha, akaiminya. Mtoto akaitazama tu, akageuza uso ukutani. Akafungua kopo jipya. Akayaonja maziwa mwenyewe, akalaza tone ulimini na kulisikiliza kama asikilizavyo uzi unapovutwa. Yalikuwa matamu. Hayakuwa na kasoro. "Mola wangu," akasema, "kilicho kizuri namna hii mtoto anakikimbiaje?"

Kila baada ya jaribio alirudi mezani, kwa kuwa vitabu vilikuwa vimefumuliwa na kuachwa wazi, na kitabu kilichofumuliwa ni kama mgonjwa aliyepasuliwa tumbo: huwezi kumwambia asubiri mpaka kesho. Akapaka gundi kurasa kumi, mtoto akalia, akanawa, akamwendea. Akampaka huyu mate shavuni kwa kumbusu, akarudi kumpaka yule gundi mgongoni. Miguu ilimuuma mpaka kwenye nyonga. Alipofika katikati ya ukumbi alisahau alikuwa akienda wapi.

Akajaribu hata kumwimbia, maana aliwahi kusomeshwa tenzi ujanani, na sauti yake, ingawa imekatika pembeni, bado ilijua njia:

*Kunywa, mwana wa mwanangu,*
*tuliza na moyo wangu,*
*riziki ni yake Mungu,*
*maziwa usikimbie.*

"Babu," Msusi akasema, amesimama mlangoni na kitana nyweleni, "mtoto ana njaa, wewe unampa mashairi?"

"Sina kingine asichokitema."

"Lete hapa." Akampakata, akaichukua chupa kutoka mkononi mwa mzee, akaisogeza. Bi Mdogo aliinusa kwa mbali, akafumba kinywa kama sanduku lililotiwa kufuli. Msusi akakunja uso. "Aah! Kumbe si wewe tu. Kanisusia hata mimi jirani yako. Basi hili si la utani. Mpeleke zahanati."

Wakati mzee anavaa viatu, simu ikalia. Mpima, na upepo wa mashambani nyuma yake. "Baba, mzima? Bi Mdogo anaendeleaje?"

"Hapa yupo, anapiga kelele kama mnadi," akajibu mzee, na akasema kweli, na akajua amedanganya. Alipokata simu alisimama kidogo, mkono juu ya kitasa. Uongo ambao maneno yake yote ni kweli ndio mzito kuutubia.

Zahanati ilikuwa na benchi refu na feni isiyozunguka. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kurudia jambo lilelile mara mia tangu asubuhi, na bado akalirudia kwa upole. Akampima joto: hana homa. Akamtazama kinywani, akambonyeza utosi, akauliza nepi ngapi zimelowa. Kisha akakoroga maziwa kidogo ndani ya kikombe cha zahanati, akamsogezea. Na Bi Mdogo, mbele ya macho ya babu yake, akainamisha kichwa na kunywa, akamwaga nusu, akanywa nusu, akalamba mdomo.

Mzee alihisi furaha na fedheha vikiingia kwa mlango mmoja. "Mbona kwangu hanywi?"

"Huenda chupa inamuuma ufizi anapovuta, mzee wangu. Wengi huwa hivyo. Mpe kwa kikombe au kijiko, kidogo kidogo, yasiwe ya moto. Mpe na uji laini uliopoa. Usimlazimishe. Na nisikilize hapa: asipokojoa kwa saa sita, au midomo ikimkauka, au akilegea asichangamke, usingoje jino. Mlete siku hiyohiyo, tutamtilia maji."

Akarudi nyumbani amejawa na tumaini. Akatafuta kikombe kidogo kisichokuwa na ufa, akakichemsha. Na kwa kuwa yeye ni mjalidi, mtu ambaye maisha yake yote hajatoa kitabu mkononi bila kupitisha kidole gumba juu ya ukingo wa jalada kuhakikisha hauna kwaruzo, alipitisha kidole gumba juu ya mdomo wa kikombe, pande zote, mara mbili, usije ufizi wa mtoto ukaumia. Hapakuwa na kwaruzo. Akakijaza, akampa. Mtoto akagusa ukingo kwa mdomo wa chini, akatetemeka, akapiga kikombe kwa kiganja. Maziwa yakamwagika juu ya kanzu ya mzee. Uji nao, ambao alipima joto lake kwa kuchovya kidole, haukupata bahati nzuri zaidi. Alichokubali ni maji tu, machache, ambayo Msusi alimpa kwa kijiko chake baada ya kufunga kazi.

Jumatano nepi ya alfajiri ilikuwa na unyevu mdogo. Ya saa nne ilikuwa kavu. Bi Mdogo hakulia tena kwa nguvu. Alinung'unika tu, amelaza kichwa begani, na kila mzee alipomsogezea mkono aligeuza uso. Kwa mkono tu, hata usio na chupa. Hilo lilimchoma babu kuliko kilio. Akaketi kwenye kiti cha kushonea, akamtazama mjukuu wake, akatazama simu. Alihesabu ahadi aliyoitoa na akaona hana pa kuificha. Akapiga.

"Mwanangu, anakataa maziwa. Tangu juzi."

Upepo ukavuma simuni. "Juzi, Baba? Na jana ulin'ambia anapiga kelele."

"Alikuwa anapiga. Nisamehe."

"Anakojoa?"

"Alfajiri kidogo. Namtazama. Ikifika saa sita mchana hajakojoa nampeleka akatiliwe maji, nesi amekwisha kunieleza."

"Narudi." Sauti yake haikupanda, ilishuka, na hiyo ndiyo iliyomtisha mzee. "Gari la vifaa linaondoka huku saa saba. Nitapanda hilo."

"Na kazi?"

"Baba, usiniulize habari ya kazi."

Mzee akaiweka simu juu ya rundo la karatasi. Hakulia, kwa kuwa kulia nako kunataka nguvu. Akakaa tu, mtoto kifuani, vitabu thelathini mbele yake vimefunguka migongo, na ukumbi mzima unanuka unga uliochacha.

Msusi akaingia bila kubisha, na birika la chai na mkate. "Kula, Babu. Ukianguka wewe nitalea wawili, na wewe sikuwezi, huna hata nywele za kusuka."

"Sina hamu."

"Sikukuuliza hamu. Kata mkate tule."

Mzee akaumega mkate kwa adabu ya mwenye nyumba, akamtangulizia mgeni kipande. Msusi akakitia kinywani, akatafuna mara mbili. Akasimama. Akakimbilia mlangoni, akatema, akarudi anafuta ulimi kwa kanga.

"Babu! Umenipa mkate au dawa ya minyoo?"

"Mkate umeuleta mwenyewe."

"Mkate wangu haukuwa hivi!" Akamega kipande kingine kwa mkono wake, akaonja. Akatafuna. Akameza. Akautazama mkate, kisha akamtazama mzee, na utani wote ukamtoka usoni. "Hebu lete mkono."

"Mkono gani?"

"Lete, nimesema." Akaushika kama anavyoshika kichwa cha mteja mkaidi, akagusa ncha ya kidole gumba cha mzee kwa ncha ya ulimi wake, akaruka nyuma. "Shubiri! Mkono mzima shubiri!"

Mjalidi akatia kidole hichohicho mdomoni. Akanyonya. Akangoja. "Mbona maji matupu?"

"Kwako wewe!"

Basi likamjia, si kwa kishindo, bali polepole kama wino unavyopanda katika karatasi yenye unyevu. Kifundo cha kidole. Chuchu aliyoiminya. Ile mpya aliyoichemsha, kisha akaiminya. Ukingo wa kikombe, pande zote, mara mbili. Uji aliouchovya. Katika kikombe cha zahanati hakuwa amegusa chochote. Ufizi wa mtoto ulikuwa unauma kweli, hilo jino halikusingiziwa. Lakini kila alipokuja kumpoza, yeye babu alikuja na uchungu mwingine juu ya ule wa kwanza, akamtia mdomoni kwa upendo, siku tatu.

Na nyuma ya hilo likamjia jingine, la zamani. Marehemu mkewe, katika miaka yote ya kumlea Mpima, hakumwacha hata siku moja amlishe mtoto. Alikuwa akimpokonya kijiko huku akicheka: "Acha, acha, wewe baki na vitabu vyako." Mzee alidhani mkewe anaudharau mkono wake kwa uzito wake, na ndani ya moyo aliweka kinyongo kidogo, akakizika naye bila kukisema. Sasa aliona kwamba yule mwanamke alikuwa amejua, na hakutaka kumwambia mumewe kwamba kazi inayowalisha imeifanya mikono yake isifae kulisha. Akameza mate. Yalikuwa hayana ladha yoyote.

"Babu, utazimia baadaye," Msusi akasema. "Sasa hivi mtoto ana kiu. Wapi kopo?"

Mzee akanyoosha mkono kulichukua.

"Usiguse!"

Akaurudisha mkono kama aliyeguswa na moto. Msusi akanawa hadi viwikoni, mara mbili, akasugua na kucha, kwa kuwa dawa za nywele nazo si sharubati. Akachemsha kikombe na kijiko, akakoroga maziwa, akayapoza. Akamchukua mtoto. Bi Mdogo akaangalia kijiko, akaangalia juu ya bega la Msusi, akamwona babu yake, akafumba kinywa.

"Toka," Msusi akasema kwa upole. "Si kwa ubaya, mzee wangu. Anakuona wewe, anaona uchungu."

Akatoka. Akasimama nyuma ya mlango wa chumba chake mwenyewe, paji la uso kwenye ubao, mikono ameifumbata nyuma kama mshitakiwa. Kwa muda hakusikia kitu. Kisha akasikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe. Mara moja. Mbili. Kilio kidogo, ufizi. Kimya. Tatu. Alihesabu kama ahesabuvyo tasbihi, na kila tone akalisindikiza kwa shukrani. Alipofika arobaini Msusi akaguna, "Taratibu, usije ukanila na mimi." Akapoteza hesabu.

Akampigia nesi kwa namba aliyoandikiwa kwenye kadi, akamweleza yote bila kujipunguzia. Nesi akasema, "Hii ya leo ni mpya." Akamwagiza mtoto afutwe kinywa kwa kitambaa safi chenye maji, aendelee kunyweshwa kidogo kidogo, na atazamwe asije akaharisha, akiharisha au asipokojoa, aletwe mbio. Kabla ya saa sita nepi ililowa. Msusi akaitangaza ukuta kwa ukuta kama mtu aliyetangaza mwezi kuandama, na mteja wake aliyekuwa akingoja na kichwa kilichosukwa nusu akapiga kigelegele.

Ilibaki saa moja gari la vifaa liondoke. Mzee akanawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau. Msusi akaonja kidole, akatikisa kichwa; shubiri ilikuwa imehamia ndani ya nyufa za ngozi, ikafanya maskani. Basi simu akaishika kwa kitambaa, asijue kwa nini.

Angeweza kusema: jino limetulia, amekunywa, usije. Ingekuwa kweli. Lakini kweli za namna hiyo alikuwa amekwisha kuzijua bei yake tangu jana.

"Mwanangu, amekunywa, na amekojoa. Msusi ndiye aliyemnywesha. Na kosa halikuwa la jino peke yake. Ni mimi. Ni shubiri ya gundi, imo mikononi mwangu, nami siisikii. Nilikuwa namlisha uchungu, nikimwuliza kwa nini analia."

Mzee akasikia mlango wa gari ukifungwa kule mbali, na sauti ya mwanamume ikiuliza kama anapanda au hapandi.

"Ndiyo maana Mama hakuwa anakuruhusu," Mpima akasema mwisho, taratibu.

"Ndiyo maana."

"Masikini Baba." Na hapo sauti yake ikavunjika, ama kwa kicheko ama kwa kilio, njia ya simu haikupambanua. "Sasa niambie, nani atamlisha mpaka Ijumaa? Usinipe faraja, nipe jibu."

"Msusi amekubali, asubuhi, mchana na jioni, na usiku atalala hapa na mtoto. Mimi nitalala ukumbini. Gundi nimeimwaga. Vitabu vya watu vitangoja. Nimekwisha kumtuma mteja wa Msusi apite msikitini awaambie. Chupa sitaigusa."

"Wala kikombe."

"Wala kikombe."

"Wala kumtia kidole mdomoni, Baba, hata akilia."

"Hata nikilia mimi."

Kisha akamsikia akisema, si kwake bali kwa yule mwanamume: "Nendeni. Nabaki." Na simu ikakatika, kwa kuwa huko shambani mtandao nao ulikuwa wa majaribio.

Alhamisi ilipita, na mzee hakuwa na kazi. Tangu ujana hakupata kukaa siku nzima mikono mitupu, na uchovu aliokuwa ameuahirisha kwa siku tatu ulimjia wote kwa pamoja, kama wageni waliokubaliana barabarani. Akakaa kitini akitazama mwanamke mwingine akimlisha mjukuu wake. Bi Mdogo alikunywa vibaya bado: vijiko kumi, kilio, vijiko vitano, kuuma kitambaa kilichotiwa maji baridi, kikombe nusu, nusu nyingine kifuani. Haikuwa ushindi. Lakini nepi zililowa, na macho yake yalirudi kuwa na ukorofi.

Alasiri hiyo, baada ya kunywa, akaanza kununa na kujinyonga mkononi mwa Msusi, usingizi umemshika lakini hauna pa kukaa. Msusi naye alikuwa na mteja. "Mpokee, Babu," akasema. "Kumbeba si kumlisha."

"Atanikataa."

"Basi akukatae. Wewe si wa kwanza."

Mzee akaingiza mikono ndani ya mikono mirefu ya kanzu yake, vidole visionekane, akamzungushia mtoto viwiko. Bi Mdogo alimtazama muda mrefu, akaikagua ile mikono iliyofichwa, akakunja midomo tayari kulia. Hakulia. Akashusha kichwa juu ya kifua cha babu yake, kwa kuwa kifua kile hakikuwa kimemkosea, akapumua kwa udenda na maziwa, akalala. Na mzee, bila kusogeza hata kidole, akalala naye. Msusi alipochungulia baadaye aliwakuta hivyo, akarudi kwa ncha za miguu, na kwa mara ya kwanza katika mtaa ule akafanya kazi yake kimya mpaka magharibi.

Ewe Mola uliyemrehemu aliyetangulia kwa kumpa subira ya kutosema, wahifadhi waliobaki. Mpe mtoto huyu jino lake kwa wepesi, na baada yake mengine. Mpe mama yake ridhaa ya moyo na ya kazi, na umrejeshe salama. Mlipe jirani kwa kila kijiko. Na wazee ambao mikono yao imeshika uchungu bila wao kuusikia, wape mtu wa kuwaambia, kisha uwape nguvu ya kusikia, na usingizi mwepesi baada yake. Amin.